Kumzingira Mabula

Madoa alikuwa amebaki peke yake ng'ambo ya mto. Kaskazini yake nilikuwa na askari wa miguu, mashariki mizinga, na kusini kulikuwa na kinamasi kisichopitika. Upande wa magharibi nilikuwa nimemwachia nafasi moja wazi, na sasa zamu ilikuwa yangu. Kidole changu kilisimama juu ya kioo cha simu bila kukigusa.

"Daktari wa ng'ombe," Mabula alisema, "umelala?"

"Nafikiria."

"Nyie Wafipa mkifikiria sana jua linazama. Cheza, dada."

Madoa kilikuwa kifaru cha vita, kidogo kuliko punje ya mahindi, ndani ya mchezo wa simu. Mchezo wenyewe ni wa kupokezana. Unasogeza vikosi vyako vyote, unampa mwenzako simu, naye anasogeza vyake. Uwanja umegawanywa vyumba vya pembe sita, kama sega la asali. Kikosi kikizungukwa pande zote hakipati chakula wala risasi, na kila zamu kinapungua nguvu hata kama hakuna anayekipiga. Yote hayo alinifundisha Mabula, akiwa amelala kwenye kitanda cha kamba barazani kwa baba yake, katika kijiji cha Kasokola, mguu wake wa kushoto umeegeshwa juu ya gunia la pumba.

Nilifika kwenye boma lao nikiwa nimetoka chuoni karibuni, nimepangiwa kazi ya mifugo. Darasani niliweza kueleza ugonjwa wowote kwa maandishi. Mbele za watu maneno yalinipotea. Wafugaji walinizunguka, wanaume warefu wenye fimbo, wakasubiri niseme, nami nikaangalia viatu vyangu. Aliyeniokoa ni kijana aliyekuwa amelala barazani. Alipaza sauti, "Mwacheni afanye kazi, hamjaja kusikiliza mahubiri!" Wote wakacheka, nikachanja ng'ombe bila kusema neno. Nilipomaliza nikaenda kumshukuru, akanipa simu. "Zamu yako," alisema, kana kwamba tulikuwa tumeanza siku nyingi.

Tangu hapo, kila kazi ilipoisha mapema, nilipita kwao kabla ya kurudi kwetu mjini, Makanyagio.

Vikosi vyake alivipa majina ya ng'ombe wa baba yake. Kulikuwa na Madoa, Kijivu, Pembe Pana na Mama Ndama. Nilipouliza kwa nini, alinishangaa. "Utamwitaje asiye na jina akipotea?" Alicheza kama alivyochunga. Aliyejeruhiwa alirudishwa nyuma mara moja, akaegeshwa mjini apate nafuu, na hakuna aliyesogea mbele mpaka wote wawe wazima. Mimi nilipoteza vikosi ovyo nikikimbilia kuteka miji. Yeye alingoja, akaja na jeshi zima, akanifagia.

Ila alikuwa na kosa moja. Kikosi chake kimoja kikinaswa, alirudi na wote kukitoa. Aliniambia kwamba kiangazi, mto unapobaki tope, ng'ombe hukwama akienda kunywa, na hapo hakuna mjadala. Wanaume wote huacha walichokuwa wakifanya, wakashika kamba, mkia na pembe, wakavuta mpaka atoke. Hawamwachi usiku mmoja, kwa sababu fisi wapo, na simba hutoka hifadhini. Anayesema "tumwache huyu" hatasahauliwa maisha yake yote.

Kwenye simu tabia hiyo ingemmaliza. Nililiona hilo mapema. Ningemnasa mmoja tu, nikasubiri wengine waje kumkomboa, wakaingia wenyewe mmoja baada ya mwingine. Lakini sikuwahi kulifunga duara. Kila mara niliacha chumba kimoja wazi, nikajifanya sikukiona, naye akapita humo akicheka. Mtu aliyekuwa akitembea kutoka Kasokola mpaka mbugani na kurudi sasa alikuwa anahesabu mbao za dari. Sikuweza kumnyang'anya na ushindi huu.

Mguu wake ulivunjwa na dume mwanzoni mwa mvua. Hospitali mjini waliuunga, wakamwambia arudi kuangaliwa. Ulikuwa msimu wa kupanda, kisha wa kupalilia, na mtaalamu wa mifupa wa kijijini alikuwa karibu. Hakurudi. Mfupa ukaoza ndani. Walipompeleka tena, daktari alisema mguu ukatwe chini ya goti, na ukatwe upesi, kabla sumu haijaingia kwenye damu. Mabula aliomba apewe siku ya kufikiri, akapanda gari akarudi nyumbani. Baba yake, mzee Masunga, hakumlazimisha. "Nitamwambia nini?" alisema. "Mchunga ng'ombe ni miguu."

Wiki ile mama yake, Dorotea, alinivuta jikoni. Alikuwa anasonga ugali, na hakuacha kusonga.

"Skola, mwanangu. Wewe anakusikiliza. Mwambie."

"Nitamwambiaje, mama?"

"Umesoma."

"Nimesomea ng'ombe."

"Basi mwambie kama ng'ombe!" alisema, akapiga mwiko ukingoni mwa sufuria. Tulicheka wote wawili, kisha yeye akafuta macho kwa kanga na kunigeuzia mgongo.

Nilitoka nikiwa nimejipanga. Nilikaa kwenye kigoda, nikafungua mdomo, na nikamweleza Mabula kuhusu dawa za minyoo kwa ndama.

Kwa hiyo alasiri ile, kidole kikiwa juu ya kioo, sikuwa nawaza mchezo. Alipokuwa akinipa simu vidole vyake viligusa vyangu, vilikuwa vya moto. Na kulikuwa na harufu. Walikuwa wamechoma ubani, wamefunga mguu kwa vitambaa safi, lakini mimi harufu ile naijua. Nimeikuta kwenye kwato, kwenye viwele, kwa wanyama niliochelewa kuwafikia. Nilijua inakwenda upande gani.

Nikasogeza kikosi changu cha mwisho magharibi. Duara likafungwa. Nikampa simu.

Mwanzoni alitabasamu. Kisha akaanza kurudi, kama nilivyojua atafanya. Kijivu alivuka mto akafika karibu na Madoa, nikamkata nyuma. Pembe Pana akaja kumtoa Kijivu, akakwama kwenye kinamasi. Tulipokezana simu. Mama Ndama, ambaye hakuwahi kumtoa mjini tangu tuanze kucheza, alimtuma mwisho. Alipoisha huyo, mji wake ulibaki mtupu, na kikosi changu kimoja dhaifu kikaingia bila kupigana.

Mabula aliiweka simu kifuani.

"Kumbe siku zote ulikuwa unaniachia mlango."

Niliangalia viatu vyangu.

"Skola. Nakuuliza."

"Ndiyo."

"Na leo umefunga."

"Ndiyo."

Uso wake ukabadilika. "Mama ndiye kakutuma. Mnanifundisha kwa mchezo wa watoto? Kama una neno, si useme!"

Sauti ilitoka, nyembamba, kama ya mtu mwingine. "Unanuka, Mabula. Mguu unanuka, na una homa. Ng'ombe mwenye harufu hiyo nikimkuta simpi baba yako matumaini. Sikusomea watu, lakini harufu ni ileile. Sitaki kuja hapa nikute watu wamekaa chini kwa msiba."

Nilikuwa nalia, na niliona aibu kwa kulia mbele ya mgonjwa, kwa hiyo nikainuka niondoke.

"Kaa," alisema. Sikukaa. "Kaa, dada. Rudisha pale duara lilipofungwa."

Mchezo hutunza kila zamu. Nilirudisha. Madoa yupo ng'ambo, amezungukwa. Wengine wote wazima, upande wa huku. Mabula alikaa akiangalia kioo mpaka kikazima, akakigusa kikawaka, kikazima tena. Nilisikia Dorotea akifukuza kuku uani.

Kisha akamgeuza Kijivu. Akamrudisha nyuma ya vilima. Akamgeuza Pembe Pana. Mama Ndama hakumsogeza. Akanipa simu bila kunitazama.

Sikutaka kucheza, lakini alikuwa anangoja. Nikampiga Madoa. Alivumilia zamu ile, akavumilia nyingine, nguvu zikimwisha kidogo kidogo, na kila mara simu iliporudi kwake Mabula alikuwa anapanga walio hai. Akawapumzisha, akawajaza. Madoa alipotoweka, aliendelea kupanga. Zamu chache baadaye jeshi lake lilishuka vilimani likiwa zima, na mimi nilikuwa nimetawanyika kuzunguka mahali pasipo na mtu. Alinipiga vibaya kuliko siku zote.

Hakufurahi. Alifuta kioo kwa shati lake, akaita, "Baba!"

Mzee Masunga alikuja polepole kutoka zizini, mikono ina vumbi.

"Tafuta gari, baba. Nirudi mjini."

Mzee alinitazama mimi kwanza, kisha mwanawe. "Wakaukate?"

"Wakaukate. Nibaki mimi."

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe utanipa punda nipande, au nitawachunga kwa mdomo. Nani kanishinda kupiga kelele?"

Mzee alitaka kucheka, ikashindikana. Alishika nguzo ya baraza, akasimama hivyo kidogo, kisha akaenda kutafuta gari.

Nilifika wodini baada ya upasuaji, nikakuta homa imeshuka. Daktari alikuwa amemwambia mama yake kwamba wangechelewa kidogo tu ingekuwa habari nyingine. Dorotea alinishika mkono akauweka shavuni kwake. Mzee Masunga hakuwepo. Nilidhani ameshindwa kuangalia.

Haikuwa hivyo. Alikuwa amewaomba manesi wampe mguu. Walimshangaa kidogo, wakampa, umefungwa vizuri. Akauviringisha kwenye shuka lake mwenyewe, jipya, akapanda nao gari mpaka Kasokola, akiwa ameupakata. Alichimba mwenyewe, akakataa kusaidiwa.

Dorotea ndiye aliyemwambia Mabula, akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Mabula alikuwa bado mzito kwa dawa. Alisikiliza akiwa amefumba macho, na nikadhani amelala.

"Ameuzika wapi?" aliuliza.

"Mlangoni mwa zizi. Mkono wa kushoto ukiwa unatoka."

Nje ya dirisha mtu aliwasha pikipiki, ikakataa, ikawaka.

"Hapo ng'ombe wanapita asubuhi na jioni," alisema. Kisha akaniomba nimwinulie mto.