Uji wa Zizini

Synnøve alikuta mavi ya panya kwenye kizingiti cha chumba cha jibini, na hamu ya kifungua kinywa ikamwishia papo hapo. Mkaguzi wa vyakula alikuwa anakuja Alhamisi. Angeona hata punje moja ya uchafu ule angefunga mlango, na jibini yote ya Krismasi, ambayo nusu ya bonde ilikwisha kuiagiza, ingebaki rafuni.

"Nimeziba kila tundu kwa wavu wa chuma," alisema Torleif, mtega panya wa wilaya, akiwa amepiga magoti zizini. "Mitego nimetega, chambo nimeweka. Hawajakinusa hata kidogo. Dada, panya hawa wameshiba. Kuna mtu anawalisha."

"Nani atalisha panya?"

Torleif akamulika kurunzi nyuma ya pipa la pumba. Palikuwa na bakuli la mbao, limelambwa mpaka linang'aa.

Synnøve akalijua. Lilikuwa la nisse, kibwengo wa kofia nyekundu anayelinda mifugo ya kila shamba. Huwekewa uji wa mchele na maziwa, donge la siagi na mdalasini juu, mkesha wa Krismasi tu. Lakini Asbjørn, baba mkwe wake, aliyehamia nyumba ndogo ya uani baada ya kufiwa na mkewe, alikuwa akiuweka kila jioni tangu theluji ya kwanza. Kila asubuhi alikuta bakuli tupu, naye akazidisha siagi.

"Basi liondoe," Synnøve alisema.

Torleif akazima kurunzi. "Mimi?"

"Si ndiyo kazi yako?"

"Kazi yangu panya. Hilo bakuli lina mwenyewe."

"Torleif, wewe mtu mzima."

"Mtu mzima mwenye ng'ombe nyumbani. Babu yangu alisahau siagi mwaka mmoja tu, ndama akazaliwa kipofu. Liondoe wewe."

Synnøve akanyoosha mkono. Ng'ombe mmoja akageuka, akamkazia macho. Mkono ukarudi mfukoni wenyewe.

"Unaona sasa?" alisema Torleif.

Ikabidi aende kwa mzee. Alimkuta akikoroga sufuria ya kutosha ukoo mzima.

"Baba, uji wa nisse unaliwa na panya."

"Najua."

"Unajua?"

"Nimekulia kwenye zizi lile, mwanangu. Panya wanakula, naye anakula. Nikiacha, ng'ombe wakagoma kutoa maziwa, nani atajibu? Mkaguzi wako?"

Synnøve alikuwa amejiandaa kubishana na mtu asiyejua. Akavuta kiti, akaketi, akawaza upya.

"Basi unamdhulumu nisse wako," alisema. "Mzee wa watu, na kofia yake, anagombea chakula na panya kwenye baridi ile. Mlete hapa mezani, kuna joto."

Asbjørn akaacha kukoroga. "Hapa hana wa kula naye."

"Nitakuja mimi."

"Na siagi?"

"Juu, ionekane."

"Sawa. Lakini asipokula," mzee akainua mwiko, "bakuli linarudi zizini, na sitaki ubishi."

Jioni ile walikula pamoja, wakaacha la nisse mezani. Synnøve alilala kwa mang'amung'amu. Uji haujili wenyewe. Kulipopambazuka alivuka ua mbio, kijiko mfukoni, akausukuma mlango taratibu.

Bakuli lilikuwa tupu. Asbjørn alikuwa ameketi dirishani, akitazama theluji kama mtu asiye na habari.

"Amekula," alisema. "Wote."

Siagi ilimng'aa kwenye masharubu.

"Alisemaje?"

"Kasema mdalasini haukutosha."

Zizini, panya waliokosa uji waliiendea mitego kwa pupa, na Torleif hakupata muda hata wa kunywa kahawa. Hadi Alhamisi ndoo za panya waliokufa zilikuwa zimetolewa, sakafu imesuguliwa, kizingiti kinang'aa. Mkaguzi, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo, alichungulia kila pembe, akapapasa nyuma ya kila rafu, akainuka na kusema waendelee kuuza.

Synnøve akashusha pumzi. Mkaguzi akanunua jibini mbili, akafunga koti, akafika mlangoni, akasita. Akarudi hatua moja na kupunguza sauti.

"Nisse wa hapa je? Mnamwekea uji wake?"

"Yupo ndani," alisema Synnøve. "Amenenepa."