Mbega Mweupe wa Matiliku

Siku ya tatu baada ya Kalondu kujifungua, wanawake wa Matiliku walikusanyika kwa mkunga Syombua kumpa mtoto jina. Kwa Wakamba, mtoto asiye na jina bado ni kiimu, roho inayopita tu. Syombua alikuwa akipakua muthokoi wa mahindi na maharagwe wakati mbega alipopiga hodi, akaingia na mtoto wake mweupe kifuani, akaketi nyuma ya Kalondu kungoja zamu.

"Karibu, mama," alisema Syombua, akamwekea majani ya kunde, maana mbega hali mahindi.

"Wangu pia ni wa siku ya tatu," mbega alisema. "Msitu unakatwa. Karani wa chifu anasema kisicho na jina hakilindwi."

"Hajadanganya," alisema Muthoki. "Mume wangu bila kipande, hata mbwa wa askari walimpita kwa cheo."

Wanawake wakacheka. Mtoto wa mbega wakamwita Mutindi, na Syombua akamfunga ushanga. Kalondu alimpakata ili mama yake ale kwa mikono miwili.

Wiki iliyofuata, mwaka ule wa 1974, alifika Bwana Evanson, mtaalamu kutoka Nairobi, kuandika wanyama wa mlima wetu. Alipomwona Mutindi alivua kofia. Mbega mweupe hakuwa katika kitabu chake cha wanyama.

"Wote huzaliwa weupe, mwanangu," Syombua alimwambia. "Miezi mitatu tu, wanakuwa weusi kama mama zao."

"Mama, hii ni sayansi."

"Na ana jina. Anaitwa Mutindi."

"Jina la kitabuni linataka ngozi."

Alifyatua risasi moja, kwa uangalifu, asiharibu manyoya. Ushanga aliurudisha kwa mikono miwili, na mbega akapokea. Kitabuni Mutindi aliandikwa kwa jina la mke wa mkubwa wa Evanson.

Kufikia Krismasi msitu ulikuwa umezungushiwa waya, na wakataji miti wamefukuzwa. Ubao ulisema: Hifadhi ya Mbega Mweupe. Kisilu, kijana mpole wa kwaya, aliajiriwa kulinda lango na kuwaua mbega weusi, kwa kuwa ubaoni hawakutajwa, na walikuwa wakimaliza majani ya yule mweupe. Kila asubuhi aliwaomba radhi kabla ya kulenga.

Agosti iliyofuata mama yake Mutindi, aliyeponyoka bunduki ya Kisilu, alizaa tena. Siku ya tatu wanawake walimwita mtoto Ndululu. Ili asipelekwe kitabuni, Syombua alikwangua masizi ya sufuria, akampaka taratibu, akikinga macho yake kwa kiganja. Kisha akawasindikiza hadi langoni.

"Huyo ni mweusi, susu," Kisilu alimwambia bibi huyo, akimtazama Ndululu.

Syombua alilowesha kidole kwa mate ili afute masizi. Akakumbuka ngozi ya Mutindi iliyopelekwa Nairobi. Akakipangusa kidole kwenye leso.

"Nisamehe, mama," Kisilu alimwambia mbega, akamlenga Ndululu.

Kaburi la Ndululu Kisilu alilichimba mwenyewe jioni hiyo, maana udongo wa Agosti ni mgumu, na wanawake walikuwa wamechoka.