Kadi Tisa Ukutani

Jumatatu saa nne asubuhi, mhudumu wa chai alisukuma kitoroli chake hadi chumba cha mikutano cha hospitali. Wakuu tisa wa idara walikuwa wakipanga mtaala wa miaka mitatu wa madaktari wanaosomea ubingwa wa magonjwa ya ndani. Kila mkuu alibandika ukutani kadi ya somo lake. Wa moyo alitaka mwaka mzima, kila mwaka. Wa figo naye vivyo hivyo. Hakuna aliyekubali kupunguza hata wiki moja. Mwenyekiti, aliyekuwa akiumwa jino, alisema, "Basi, zote zimepita."

Mwaka ukatii. Kwa watu wengine ulibaki na miezi kumi na miwili. Kwa madaktari hao ulikuwa na miezi mia moja na minane.

Mmoja wao alikuwa pacha wa mhudumu wa chai. Mhudumu aliacha shule darasa la sita ili amuuguze mama yao, mwenzake akaendelea. Mafunzo yalipoanza, wote wawili walikuwa na miaka ishirini na minane. Mwaka wa kwanza ulipokwisha, daktari alikuwa na thelathini na saba na miwani ya kusomea. Wa pili ulipokwisha, alikuwa na arobaini na sita, na magoti yakimsumbua kwenye ngazi.

Jirani alimkuta daktari mlangoni akamwamkia, kisha akamuuliza mhudumu, "Mama yako amepona lini?"

"Huyo ni pacha wangu."

"Aa. Kazi za hospitali," jirani alisema, akaenda kuanua nguo.

Mama alikuwa kitandani, ana miaka hamsini na minne. Alimshika daktari mkono. "Njoo polepole, mwanangu. Usinipite."

Mhudumu alipiga hesabu kwa vidole. Mwaka wa tatu ukiisha, daktari na mama watalingana umri. Hakuwa amewahi kusema neno katika chumba kile zaidi ya "sukari?" Jumatatu iliyofuata aliweka birika mezani, akabaki amesimama.

"Waheshimiwa, ondoeni kadi moja tu. Mwenzangu anazeeka."

"Leo chai imekuja na hotuba," alisema mkuu wa ini, na wenzake wakacheka kidogo. Lakini hawakuwa watu wabaya. Walimsikiliza hadi mwisho. Mkuu wa mapafu alivua miwani akafuta macho. Mwenyekiti alisema jambo hili ni zito na haliwezi kuachwa hivi hivi.

Wakabandika kadi ya kumi: Kujitunza na Kuepuka Uchovu. Mwaka mzima, na mtihani mwishoni.

Mhudumu alikusanya vikombe. Kimoja kikamponyoka, kikavunjika sikio.

Mwaka wa tatu ulipokwisha, daktari alifaulu masomo yote kumi. Wakuu walisifu mtaala kwa kutoa mabingwa wapya wenye uzoefu wa muda mrefu. Alirudi nyumbani saa kumi jioni, cheti kwenye bahasha, na mhudumu akamshika kiwiko kupanda ngazi. Mwaka huo mama alikuwa ametimiza hamsini na mitano. Daktari alikuwa na hamsini na sita.

Mama alijiinua kwenye mto, akamtazama kwa muda, kisha akainamisha kichwa.

"Shikamoo," alisema.

Daktari alikuwa amechoka mno kubishana.

"Marahaba," akaitikia, akakaa avue viatu.