Kifuniko cha Tangi

Pikipiki ilizimika mara ya tatu, na safari hii Nathanaeli hakuitukana. Matusi yote alikuwa ameyamaliza kwenye kilima cha nyuma.

Alikuwa dresa, mfunga vidonda wa zahanati huko Kinampanda. Mkewe Raheli alikwenda kujifungulia kwa mama yake, Iguguno, maana mzaliwa wa kwanza huzaliwa kwa bibi yake. Ndiyo desturi, nani abishe? Asubuhi ile shemeji yake Simeoni alishuka kwenye lori la ngozi, macho mekundu. Mtoto amezaliwa mzima, lakini damu ya Raheli haikatiki. Nathanaeli hakuuliza la pili. Alitia mkobani sindano na dawa ya kukaza kizazi, akapiga kiki, akaondoka.

Pikipiki ikamzimikia baada ya maili kumi. Akapiga kiki mpaka jasho likamtoka, wapi! Akakaa chini, akaomba Mungu, akajaribu tena, ikawaka. Akaenda kidogo, ikakohoa, kimya, hadi hii ya tatu. Na hapo wiki nzima ilikuwa haina hata kikohozi, ila safari zenyewe zilikuwa za hapa na pale, zahanati na nyumbani.

Sasa jamani, injini hudai mambo mawili tu, moto na mafuta. Alichomoa plagi, akaigusisha kwenye chuma, akapiga kiki. Cheche ikaruka, ya buluu kabisa. Moto upo. Akatikisa tangi, petroli ikacheza ndani. Mafuta yapo. Akachomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta: matone mawili, basi. Akaupuliza mpira, safi. Tangi limejaa, na halitoi! Mwenye akili zilizotulia angefungua kifuniko mapema, lakini mtu ambaye mkewe anavuja damu, akili hizo atazitoa wapi?

Alipokifungua, tangi lilivuta pumzi, fyuuu, na petroli ikammwagikia miguuni kutoka kwenye mpira. Kumbe lilikuwa limekosa hewa. Akakigeuza kifuniko. Kile kitundu chake kidogo cha kupitishia hewa kilikuwa kimezibwa kwa nta, ikasawazishwa vizuri kwa kidole.

Nathanaeli aliketi mchangani. Raheli alikuwa binti wa mrina asali. Kwao, chochote kinachovuja huzibwa kwa nta. Wiki iliyopita, kabla hajaondoka, alikuwa akifua kaptula zake zilizolowa petroli, akikinyooshea kidole kifuniko na kunung'unika: "Mafuta yanatokea kwenye kitundu hiki, baba. Siku moja yatakuishia porini." Naye alicheka tu. Hakumweleza kazi ya kitundu kile. Maneno mawili tu, na hakuyasema!

Alichuma mwiba wa mgunga, akaichokoa nta, akaibana kiganjani. Pikipiki ikawaka kwa kiki moja, na haikuzima tena mpaka Iguguno.

Uani wanawake walikuwa wamekaa chini, miguu wameinyoosha, na hakuna aliyeinuka kumpokea. Akajua. Mama mkwe, Hana, alikuwa amempakata mtoto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Sauti ilikuwa imemkauka. "Ametutoka sasa hivi. Mwili bado una joto."

Mkoba ulimponyoka Nathanaeli begani. Hakuuokota.

"Alikuwa anatutuliza sisi," mama aliendelea. "Tunalia, yeye anasema, msilie, atafika. Anasema, mafuta nimemzibia kwa mkono wangu, hayamwagiki hata tone." Akajifuta uso kwa upindo wa kanga. "Hata mwisho alikuwa anasikiliza mngurumo. Kitu gani kilikuchelewesha, baba?"

Nta ilikuwa imelainika kiganjani, inanukia asali. Nathanaeli alikunja ngumi.

"Mashine, mama," alisema. "Mashine yangu ni mbovu."

Akalia mbele ya wakwe zake bila aibu, kisha akaitia nta mfukoni, akanyoosha mikono apewe mtoto.