Kobe la Bwana Mgeni

Jabez, mtu wa bara, alikuwa amelima shamba lake huko Kililana tangu wanawe hawajaota meno mpaka wakaoa, na bado jirani zake wa kutoka Pate walimwita Bwana Mgeni. Hawakuwa na ubaya. Ila chai ikimiminwa, yeye peke yake ndiye aliyepewa kikombe chenye kisahani, na kisahani hicho kilimuuma kuliko tusi. Basi Raihana, binti wa jirani yake Abdulwahid, aliposema hataki gari jingine la kumpeleka gatini Mokowe, avuke kwenda Amu kwa mumewe, siku ya harusi ila lile kobe jekundu la Bwana Jabez, Volkswagen ya enzi za babu, Jabez aliitikia kabla hajafikiri. Watu hawakuombi gari kama hawajaanza kukuhesabu mwenzao.

Sasa, shokomzoba za mbele za kobe lile zilikuwa zimekufa zamani. Likikanyaga shimo lilirukaruka kama mbuzi aliyekata kamba, na bibi harusi angefika gatini na hina yake imehamia usoni. Mpya zilikwisha kuja kwa basi. Iliyobaki ni kuzitoa kuukuu.

Nati zilifunguka kwa urahisi hata Jabez akaanza kupiga mluzi. Kumbe pete za chini za shokomzoba zilikuwa zimeshikana na pini zake kwa kutu, hazivutiki wala hazizunguki. Akagonga nyundo. Akatia mtaimbo. Akalala chali mchangani akasukuma kwa miguu, mpaka mkewe Nkatha akamuuliza kama anajifungua.

Abdulwahid alikuja na kiti chake cha plastiki, akakaa kabisa.

"Bwana Jabez, kobe ni wako au wewe ndiwe wake? Naona yeye ndiye aliyekulalia."

"Harusi ni kesho, Abdulwahid. Nisaidie."

"Si nakusaidia? Nakuombea dua."

Ndipo Jabez akakumbuka sifa, yale mafuta ya papa ambayo Abdulwahid huipaka mashua yake, yenye kunuka hata mtu akahamia upande wa pili wa njia. Mafuta yanayopenya ubao mzima yatashindwa na kutu? Akaomba mkebe mzima, akazimwagia pini bila ubahili. Wakaja paka wa mtaa wote. Kwa kuwahofia paka, mkebe na mafuta yaliyobaki akaufungia ndani ya gari, juu ya kiti cha nyuma, akajiona mwerevu.

Alasiri alivuta tena. Pete ikachomoka ghafla, gari likatikisika juu ya jeki, na ndani kikasikika kitu kikianguka. Jabez, kwa furaha, hakujali. Alitoa na ya pili, akafunga mpya, kisha akafungua mlango. Kiti atakachokalia bibi harusi kilikuwa kimekunywa sifa yote.

Alisugua kwa sabuni, kwa majivu, kwa ndimu. Harufu ikabaki palepale. Alilia kidogo, akasingizia ndimu.

Asubuhi alifika Bi Rahima, mama yake Raihana. Alichungulia garini, akavuta leso puani.

"Bi Rahima, nimewaharibia," Jabez alisema. "Nitamtafutia Raihana gari jingine."

Bi Rahima aligeuka akarudi kwake. Jabez alijua basi, yamekwisha, atakufa mgeni. Lakini mama yule alitokea tena na chetezo kinachofuka udi, wanawake wawili nyuma yake wamebeba asumini. Akakiweka chetezo ndani ya gari, akafunga madirisha yote, akaacha moshi ujae, vile vile alivyomfukiza binti yake.

"Yeo mwari ni wawili," akasema. "Na huyu wa chuma ndiye msumbufu."

Kobe lilikwenda mpaka Mokowe bila kuruka hata mara moja, paka wakilisindikiza hadi mwisho wa mashamba. Raihana alicheka ndani ya buibui lake njia nzima. Walipofika gatini, shangazi yake bwana harusi, aliyetoka Amu kuwapokea, alishika pua.

"Ni mgeni gani huyu aliyemtia mwari kwenye gari la papa?"

"Mgeni angetunukishia harusi hivi, tungemrudisha kwao," Bi Rahima alijibu. "Huyu ni wetu. Tutamsema wenyewe."

Abdulwahid alifungua chupa ya chai, akawamiminia watu. Kikombe cha Jabez kilikuja bila kisahani, kikamuunguza vidole, naye hakukiweka chini mpaka alipokimaliza.