Rangi ya Mzee Thuranira

Mzee Thuranira wa Githongo alikuwa mweusi tititi, na binti yake Linda alikuwa maji ya kunde. Kwa miaka thelathini na miwili Shangazi Ednah, dada ya mzee, alilitaja jambo hilo kila palipokuwa na chai. Hakumshtaki mtu, aliuliza tu. Mamake Linda aliingia kaburini na swali hilo. Mzee mwenyewe hakuwahi kulijibu. Alimbeba mtoto mgongoni hadi shuleni, basi.

Mwaka wa 1998 mzee akafa. Linda alipeleka picha ya marehemu Meru mjini, kwa Kiunga, fundi wa kompyuta pale Kinoru, amtengenezee vijitabu vya mazishi. Siku moja kabla ya kuzika, alikuta nakala mia mbili zimefungwa kwa kamba. Kwenye jalada alikuwa baba yake, maji ya kunde.

"Huyu ni nani?"

"Ni mzee, madam," Kiunga alisema bila kupepesa macho. "Picha ilikataa kuingia kwa floppy, nikai-save na GIF. GIF inabeba rangi mia mbili hamsini na sita pekee. Rangi yenye imekosa kiti inakalia ya jirani. Niki-save ile ya kwanza na JPEG, yenye inabeba rangi zote, atarudi mweusi. Nirudie? Makosa ni yangu, sitakulipisha. Saa kumi utapata."

Ilikuwa saa sita, muda upo. Linda aliitazama picha. Kwa mara ya kwanza maishani alifanana na baba yake.

"Acha tu," akasema.

Kesho yake, kando ya kaburi, Shangazi Ednah alivaa miwani. Akaangalia kijitabu, akamwangalia Linda, akarudi kwenye kijitabu. Jambo likishapigwa chapa, nani atabisha?

"Kumbe ni jua la shamba la kahawa lilimchoma kaka yangu akawa mweusi," alitangaza, kisha akamkumbatia Linda mbele ya waombolezaji. "Mtoto wetu!"

Linda akalia hadi akaketi chini. Watu wakatikisa vichwa, wakasema damu ni nzito kuliko maji. Yeye alikuwa akilia kwa aibu. Mgongo mweusi uliombeba bila kuuliza swali ulikuwa ukishushwa shimoni, na ni yeye aliyekubali uzikwe na uso wa mtu mwingine.