Mfupa Uliobishaniwa Miaka Sita

Katika ukoo wetu mzima hakuna mkono mtulivu kama wangu. Nikishika yai, yai lenyewe linasinzia. Ndiyo maana shangazi, fundi wa kusafisha mifupa ya kale kwenye jumba la makumbusho, aliniita nimsaidie wakati wa likizo.

Usitarajie makubwa. Ndege mzima wa mamilioni ya miaka alikuwa vipande vitatu: viwili kama kucha, cha tatu kama kidole changu, ncha zote zimezibwa na mawe. Shangazi alisema ni ndege. Mkuu wake alisema ni mjusi. Walikuwa wamebishana miaka sita, na asubuhi hiyo mkuu alikuwa anakuja na kibao kilichokwisha kuandikwa: MJUSI.

"Si ukikate tu hicho kikubwa uone ndani?" nikamuuliza.

"Mfupa wa ndege una uwazi, ndiyo maana anaruka. Ila mkuu amekataza kukata. Haya, kipeleke mezani na sinia lake, mwanangu. Taratibu."

"Shangazi, taratibu ndilo jina langu la pili!"

Akatoka kumpokea mkuu. Nikabaki peke yangu. Nikainua sinia juu ya kichwa kama mhudumu wa hoteli kubwa, nikazunguka kwa madaha. Sinia likazunguka nami. Mfupa ukakataa.

Ta! Ukavunjika vipande viwili sakafuni.

Nilichofanya baada ya hapo sikisemi. Kila mtu ana siri zake. Mlango ukafunguka. Shangazi akashika kifua. Mkuu akainama, akaokota kipande, akavaa miwani, akachungulia palipovunjika. Ndani palikuwa wazi, ukuta mwembamba kama ganda la yai, na vijiti vidogo vikipishana kama boriti za paa.

"Mama wee," mkuu akanong'ona. "Ni ndege."

Shangazi, na miaka yake hamsini na minne, akaruka kama mtoto. Akamkumbatia mkuu, akanikumbatia mimi, akakumbatia na kabati. Kibao cha MJUSI kikaenda pipani.

Nikajikohoza. "Nilipima kwanza, nikaona hapa ndipo pa kuvunjia. Kitaalamu."

"Ulipima?"

"Kwa jicho tu. Bila woga wowote."

Juu ya ngazi, nyuma ya kabati, kikasikika kicheko. Fundi umeme! Alikuwa huko muda wote, taa mkononi.

"Mama, usimsikilize huyo. Alipiga magoti akauambia mfupa, 'Samahani babu kuku, usinisemee kwa shangazi!'"